Mbwa akibadilika ghafla msikimbilie marungu

Mhariri, naomba kanafasi kidogo. Mtaani kwetu mbwa aking'ata tu watu washasema kichaa, marungu yanatoka. Mbwa wangu alikuwa mpole miaka 6, ghafla akaanza kuningurumia nikimgusa kichwa na siku moja akamng'ata mtoto wa jirani. Mtoto tulimwosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 tukamkimbiza hospitali achanjwe, maana kichaa cha mbwa dalili zikishatokea kupona ni kama hakuna, na mbwa nikamfungia siku 10 kumwangalia ingawa ana chanjo. Daktari wa mifugo alipompima kumbe sikio limeoza ndani, usaha mtupu, jamani alikuwa anaumia na hana mdomo wa kusema! Akaniambia jino bovu nalo hufanya hivyo, viungo vya mbwa mzee, macho yakififia anashtuka ukimjia, hata uvimbe kwenye ubongo. Kwa hiyo kabla ya kumuua mfungeni mbali na watoto, muiteni daktari kwanza. Wangu sasa kapona, jioni anakuja mwenyewe kunilalia mapajani.

Mfugaji, Tanga