Mt. Anna, Yerusalemu, si kituo cha kuchimba dawa

Mhariri,

Ratiba za hija zinazouzwa kwa vikundi vya parokia huliweka Kanisa la Mt. Anna, Yerusalemu, kati ya Lango la Simba na Njia ya Msalaba, dakika kumi, kana kwamba basi limesimama abiria wachimbe dawa. Ombeni saa nzima.

Lilijengwa na watu wa Vita vya Msalaba kabla ya mwaka 1140. Salahuddin aliutwaa mji 1187, na 1192 akaligeuza madrasa ya fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, ya Kishafii, madhehebu ileile ya pwani yetu. Inueni macho kabla ya kuingia: maandishi ya Kiarabu ya madrasa hiyo yangali juu ya mlango. Waongoza watalii wengine huyapita kimya. Mwaka 1856 sultani wa Uthmaniya alilitoa kwa Ufaransa, shukrani ya msaada katika Vita vya Krimea, na 1878 likakabidhiwa Mapadre Weupe, shirika la wamisionari la Askofu Lavigerie. Mwaka huohuo msafara wao wa kwanza ulitoka Bagamoyo kwenda bara kupitia Tabora. Mkatoliki wa Tabora, basi, haendi ugenini.

Kwaya ndizo huumbuka humo. Kuta ni mawe matupu, dari ni mawe, zulia hakuna wala pazia. Sauti haina pa kumezwa, hivyo huzunguka juu sekunde kadhaa. Ukiingia na wimbo wa mbio na makofi, silabi zinapandana na hasikiki mtu. Chukueni wimbo wa taratibu, wenye noti ndefu. Waimbaji wanne wanatosha, mmoja kwa kila sauti, na besi ajizuie, maana sauti nzito ndiyo inayokawia kufa. Mwisho wa mstari nyamazeni mpaka mwangwi uishe, ndipo muanze mwingine. Ziwe nyimbo za dini tu. Ndilo sharti la pale.

Upande wa kulia kuna ngazi za kushukia pangoni, ambako mapokeo yanasema alizaliwa Bikira Maria. Nje ni birika la Bethzatha. Yohana 5 inataja matao matano, jambo lililowatatiza wasomaji hadi wachimbaji walipokuta mabirika mawili yaliyotengwa na ukuta: matao manne kuzunguka, la tano juu ya ukuta wa kati. Magofu yana kina kirefu, wazee washikwe mkono.

Na wakala aulizwe saa za kufungua kabla hamjalipa; mahali hapa kwa desturi hufungwa adhuhuri, saa ambayo mabasi mengi ndiyo hufika.

Mwalimu wa kwaya,
Tabora