Yah: Fundi wenu kung'oa Python ya mfumo kwenye seva yangu huku nikimwambia asubiri

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Nakala: Mkuu wa Idara ya Ufundi

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote nawashukuru kwa barua pepe yenu inayoniuliza nimeridhika kiasi gani na huduma niliyopewa, nichague kati ya nyota moja na tano. Nimeshindwa kulibana jibu langu kwenye nyota, ndiyo maana naandika barua.

Sitawachosha kwa historia. Mkataba wa seva inayosimamiwa mmeuandika wenyewe, na kumbukumbu za tiketi, yaani maombi yangu ya msaada, mnazo. Mnajua kwamba root, yaani mamlaka yote juu ya seva, iko mikononi mwenu, si mwangu, na kwamba jambo lolote linalogusa mfumo ni lazima nibishe hodi kwenu. Nilibisha. Niliandika hivi, na safari hii naomba mtu asome polepole: "Naomba Python 3.12 iwekwe pembeni ya ile iliyopo. Tafadhali msiguse /usr/bin/python3. Mkiikompaili wenyewe tumieni make altinstall, si make install. Mazingira pepe nitayatengeneza mwenyewe."

Kwa asiye fundi: Python ni lugha ya kuandikia programu, /usr/bin/python3 ni kiungo kinachoelekeza kwenye Python ya mfumo, kukompaili ni kuijenga kutoka kwenye msimbo wake, altinstall huweka toleo jipya bila kugusa kiungo hicho, na mazingira pepe ni chumba cha programu moja chenye maktaba zake. Ombi lenyewe si la anasa. Python 3.8 iliyokuja na Ubuntu 20.04, mfumo endeshi wa seva yangu, waundaji wake waliacha kuihudumia Oktoba 2024, miaka mitano baada ya kuitoa. Maktaba ninazozitegemea nazo zimeanza kuikimbia: Django, maktaba ya kujengea tovuti, toleo lake la 4.2 ndilo la mwisho kuikubali, na kuanzia 5.0 inadai Python 3.10 kwenda juu. Nilitaka programu yangu ihamie kwenye toleo linalotunzwa, na mfumo endeshi ubaki na la kwake ulilozaliwa nalo. Mambo mawili tofauti, yanayokaa kwenye mashine moja bila ugomvi, mradi asiyejua asiyachanganye.

Mkayachanganya. Nilijibiwa kwa neno moja, "Imekamilika", nikaingia kwenye seva, nikaandika python3 --version, nikaoneshwa 3.12. Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa habari njema. Mimi nilijua papo hapo kwamba kile kiungo nilichosihi kisiguswe kimeguswa, kimeelekezwa kwenye toleo jipya. Dakika chache baadaye apt, programu ya kuweka na kuondoa vifurushi vya mfumo, ikaanza kulalamika kwamba haina moduli inayoitwa apt_pkg. Haiwezi kuwa nayo! Moduli ile imekompailiwa kwa ajili ya 3.8, na jina la faili lake lina "cpython-38" wazi kabisa, yeyote mwenye macho ataliona. Unattended-upgrades, ile programu inayoweka viraka vya usalama usiku tukiwa tumelala, nayo inategemea moduli hiyohiyo. Nimeomba toleo jipya ili niwe salama zaidi, nikaishia kwenye seva isiyoweza kujiwekea viraka.

Hata hapo sikupandisha sauti. Niliwaandikia na dawa yenyewe: rudisheni kiungo kielekee python3.8, ni amri moja, 3.12 iacheni ilipo na nitaiita kwa jina lake kamili. Tiketi ikafungwa, imeandikwa "Limetatuliwa". Nikaifungua. Mtu wa pili akaniambia nijaribu kuipakua apt_pkg kwa pip, kipakuzi cha maktaba za Python. Moduli ile inakuja na kifurushi cha mfumo kinachoitwa python3-apt, haisakwi kwa pip, nikamweleza hivyo kwa adabu zote. Tiketi ikafungwa tena. Nilipigwa danadana hiyo mpaka nikaomba nipigiwe simu, na laiti nisingeomba.

Sasa tuje kwenye simu yenyewe, kwa sababu mengine yote ningeweza kuyasamehe.

Fundi wenu alipiga akiwa tayari ameingia kwenye seva. Akasema ameliona tatizo: kuna Python mbili na "zinagombana", kwa hiyo ataiondoa ile ya zamani. Nikamwambia hapana. Nikamwambia Python ya zamani ndiyo inayobeba nusu ya mfumo, usiiondoe, rudisha kiungo tu. Akasema, "Dada, tulia, hizi ni kazi tunazofanya kila siku." Nikasikia vidole vyake kwenye kibodi. Nikamwambia, apt itakuonesha orodha ya vitu vitakavyoondoka navyo, nisomee hiyo orodha kabla hujakubali. Akacheka. Akabonyeza. Kisha, bila kuniuliza, akaizima seva na kuiwasha upya "ili mabadiliko yakae vizuri". Seva haikurudi. Aliponisikia nikisema haijibu, akaniambia kwamba kwa upande wao kazi imekwisha na kama tovuti haifunguki niwasiliane na mtu aliyenitengenezea programu, halafu akakata simu. Ile barua pepe ya nyota iliingia kabla sijaiweka simu chini.

Aliyenitengenezea programu ni mimi.

Naomba Mkuu wa Idara ya Ufundi anisaidie kumweleza kijana huyo kilichokuwa kwenye orodha aliyokataa kuisoma. Kwenye Ubuntu 20.04, ukitoa amri ya kuondoa python3, vinafuatana nayo netplan.io inayoiambia seva itumie anwani gani kwenye mtandao, ufw inayochuja nani aingie na nani asiingie, cloud-init inayoipanga seva inapowaka, unattended-upgrades, na fail2ban inayowafungia wavamizi, kama ipo. Seva iliyokwisha kuwaka inaweza kuendelea kupumua kwa muda, maana mtandao ulishapangwa. Ukiizima ukaiwasha, hakuna wa kuupanga tena. Angeishia kwenye kuondoa tu, bila kuizima, tungeweza kuvirudisha vifurushi vyote kupitia muunganisho uleule. Aliufunga mlango na funguo zote akaziacha ndani.

Na hii si siri ya wachache. Watu waliokuwa wakiendesha mfumo endeshi wa CentOS 7 waliisoma kwa machozi zamani sana, kwa sababu yum, ambayo ndiyo apt ya kule, imeandikwa kwa Python 2, na kila aliyeielekeza python kwenye 3 aliiua yum yake siku hiyohiyo. Red Hat walipotoa RHEL 8, mfumo endeshi wao, wakaamua kuificha kabisa Python ya mfumo, wakaiita platform-python, isikutane na mikono ya watu. Debian 12, mfumo endeshi mwingine, inamzuia hata pip asiweke vitu ndani ya Python ya mfumo mpaka umlazimishe. Wote hao wanajikinga na jambo moja, na kampuni inayojitangaza kuwa mabingwa wa seva inaajiri mtu asiyejua linaitwaje.

Kuhusu urejeshaji. Seva ilibaki kimya mpaka mchana wa siku ya pili. Mliporudisha nakala rudufu, haikuwa ya jana yake. Ilikuwa ya wiki iliyopita. Kifungu cha nakala za kila siku mnakijua, sina haja ya kuwanukulia. Oda za wateja wangu za siku zote za katikati zimepotea, na nimelazimika kuwaandikia mmoja mmoja nikiwaomba risiti zao, jambo la aibu ambalo ninyi hamkulifanya kwa niaba yangu wala hamkulitolea pole.

Halafu, kama vile hakuna kilichotokea, mkaiweka tena 3.12. Safari hii hamkugusa kiungo, nawapongeza. Lakini aliyeikompaili hakuwa na faili za kujengea za OpenSSL, maktaba ya kusimba mawasiliano, kwa hiyo Python ikatoka bila moduli ya ssl inayoitegemea. Unaijaribu kwa import ssl, inagoma. Pip nayo haiwezi kuzungumza na hazina yake kwa njia iliyosimbwa. Kujenga upya baada ya kuweka libssl-dev, kifurushi chenye faili hizo, ni kazi ya muda wa chai. Jibu nililopewa kwa maandishi, na nimelihifadhi, lilikuwa nitumie chaguo la --trusted-host ili pip "isisumbue mambo ya vyeti". Kwanza chaguo hilo haliizalishi moduli ambayo haipo. Pili, na hili ndilo lililonitoa jasho, idara ya ufundi ya kampuni inayotunza data za watu inamshauri mteja azime ukaguzi wa vyeti ndipo apakue programu za kuendesha kwenye seva ya biashara. Mnamshauri hivyo kila mteja, au ni mimi tu niliyebahatika?

Wala jambo la salama si gumu. Toleo jipya linakaa kwenye saraka yake, tuseme chini ya /opt. Kila programu inapewa mazingira pepe yake kwa python3.12 -m venv. Huduma kwenye systemd, msimamizi wa programu zinazoendeshwa kwenye seva, inaelekezwa moja kwa moja kwenye python iliyo ndani ya mazingira hayo, kwa njia kamili, isibahatishe PATH, yaani orodha ya saraka za kutafutia programu. Unajaribu kwenye bandari nyingine ya mtandao kwanza, majaribio yote yakipita unahamisha, na mazingira ya zamani unayaacha hapohapo ili likiharibika jambo urudi nyuma bila kelele. Hasa kwa 3.12 lazima ujaribu, maana distutils, zana ya zamani ya kufungashia vifurushi, imeondolewa na vifurushi vingi vya zamani bado vinaitafuta. Haya yote ningeyafanya mwenyewe. Kwenu nilihitaji altinstall tu.

Lakini narudi kwenye simu, kwa sababu ndiyo inayoninyima usingizi, si seva. Nilimwambia asubiri. Sikumwambia kwa mafumbo. Nilisema "subiri", nikasema "usibonyeze", nikasema "nisomee kwanza". Yeye alikuwa na orodha mbele ya macho yake na mimi sikuwa nayo, maana root hamnipi. Kompyuta yenyewe ilikuwa imesimama inamuuliza ana uhakika au hana. Mashine ilimpa nafasi ya kufikiri, mteja akamsihi aitumie, na yeye akachagua kucheka. Kulikuwa na kimya kifupi kabla ya kile kicheko, na kwenye kile kimya niliamini anasoma. Hakuwa anasoma. Halafu lile "Dada, tulia" kwa mtu ambaye tiketi yake ilishaeleza, kwa maandishi, kosa lenyewe, sababu yake na amri ya kulirekebisha. Angekuwa anaongea na mwanamume aliyeandika mambo yaleyale, sidhani kama angemtuliza. Mnazirekodi simu, kila ninapopiga naambiwa hivyo. Sikilizeni wenyewe.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimekusudia kuomba mambo mawili tu: Python 3.12 ijengwe upya ikiwa na ssl, na ada ya mwezi huu irudishwe. Kadiri ninavyoandika naona nilikuwa nawahurumia.

Kwa hiyo nataka 3.12 ijengwe upya na mtu mwingine, si yule, na kabla hajagusa kitu aniandikie amri atakazotoa nizikubali. Nataka kumbukumbu za amri zote zilizoendeshwa kama root kwenye seva yangu tangu nilipofungua tiketi ya kwanza, bila kuchujwa. Nataka maelezo ya maandishi kwa nini nakala za kila siku hazikuwa za kila siku, na oda zilizopotea zifidiwe. Nataka ada ya robo mwaka yote irudishwe, si mwezi. Nataka msamaha ulioandikwa na uliosainiwa na mtu mwenye cheo, unaotaja kile kilichotokea kwenye simu kwa jina lake, si zile sentensi zenu za "tunasikitika kwa usumbufu wowote uliojitokeza". Usumbufu haukujitokeza. Uliletwa.

Nawapa siku saba kuanzia mtakapopokea barua hii. Zikipita bila jibu la maana, nitadai nakala kamili ya diski yangu nihame, na sitalipa hata senti ya kuvunja mkataba kwa sababu mmeuvunja ninyi. Wakili wangu ameshapewa tiketi zote. Mamlaka inayolinda watumiaji itapata barua hii pamoja na ule ushauri wenu wa kuzima ukaguzi wa vyeti, na mamlaka ya ulinzi wa data nayo itapata, kwa sababu seva iliyokaa bila viraka ina majina na anwani za wateja wangu. Ninafahamiana na wengine wanaopangisha seva kwenu. Wamekuwa wakiniuliza kama wahamie 3.12 kupitia kwenu, na mpaka sasa nimewaambia wasubiri niwaone mtanijibu nini.

Tafadhali msinipigie simu. Nijibuni kwa maandishi, na tiketi msiifunge mpaka nitakaposema mimi kwamba imetatuliwa.

Wenu katika biashara, kwa sasa,

Mteja wenu wa seva inayosimamiwa
(nambari ya akaunti na za tiketi mnazo)