Gemu kukwamakwama: msiwauzie vijana ramu ya kompyuta kabla ya kufungua kava

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako manake hili jambo linawamalizia vijana wetu pesa bure. Hapa Mombasa kompyuta nyingi wanazonunua za kuchezea gemu ni zile zilizoshatumika ng'ambo, ndani utakuta prosesa (ule ubongo wa kompyuta) ya Core 2 Duo ama Pentium ya kori mbili, yaani kama vibongo viwili vinavyogawana kazi, halafu muuzaji anaingia BIOS, ile menyu ya mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, anaipandisha spidi, basi imeshakuwa mashini ya gemu na bei inapanda. Kijana akifika nayo nyumbani gemu inaenda vizuri kwa muda, kisha inaanza, picha inaganda kidogo, sauti inakwaruza, inaendelea, inaganda tena. Akirudi dukani anaambiwa ongeza ramu, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Anaongeza, bado. Sasa nunua kadi ya grafiksi, ile inayochora picha. Mpwa wangu yamemkuta hayo hayo kwa duka moja hapo mjini, kila akienda analipa, na hakuna hata mmoja aliyeshika bisibisi akafungua kava atazame.

Mimi kazi yangu ni kurepea kompyuta, nikamfungulia. Vumbi limeshikana na ule unyevu wa chumvi wa kwetu mpaka limekuwa kama mkeka juu ya chuma cha kupozea, pesti ya kupitishia joto chini yake imekauka inapukutika, na kati ya zile pini nne za plastiki za kushikia feni, moja imechomoka kwa hivo chuma kimeinuka upande mmoja hakigusi prosesa sawasawa. Hapo hata ungemwekea ramu ya serikali nzima haisaidii!

Watu wajue prosesa ikipata moto kupita kiasi inajishusha spidi yenyewe isiungue. E8400, moja ya hizo Core 2 Duo, kwa mfano kikomo chake ni kama digrii 100, ya kiwandani inakwenda gigahetsi 3.0, wanaipandisha mpaka 3.6 na feni ni ile ile iliyokuja nayo, na hapa kwetu wakati wa kaskazi chumba chenyewe kimeshapita digrii 30 hujawasha kitu. Ikifika kikomo inaweza kushuka hata chini ya ile 3.0, ipoe, ipande, ishuke tena, na ndio hiyo kukwamakwama kwenyewe. Weka Core Temp, programu ya kuonyesha joto la prosesa, ni ya bure, cheza huku unaangalia namba, ikiwa gemu inaganda pale digrii zinapokaribia kikomo ushapata jibu lako.

Halafu kuna mambo ya basi (bus), ile njia ya data kati ya prosesa na ramu. Spidi ya prosesa ni spidi ya njia hiyo, inaitwa FSB, mara namba inayoitwa kizidishio. Prosesa nyingi za aina hii kizidishio huwezi kukipandisha, unapandisha FSB, yaani megahetsi 333 mara 9 inakuwa 400 mara 9, sasa ramu nayo inafuata huko huko na kama aliyepandisha hakurekebisha uwiano wa ramu na FSB, ramu inasukumwa kuliko uwezo wake na kompyuta inaanza visa, mara skrini ya buluu mara kuganda. Kwa hivo hatua ya kwanza kabisa rudisha BIOS kwa spidi ya kiwandani, cheza gemu ile ile, pahala pale pale. Ikitulia, basi ni ile spidi waliyoipandisha ndiyo yenye makosa.

Na isipotulia? Teremsha rezolusheni, yaani wingi wa nukta za picha, mpaka chini kabisa. Ikikwama vile vile basi kadi ya grafiksi haina neno, prosesa ndiyo imezidiwa, usinunue kadi tafadhali. Gemu za kutoka kama 2014 zilishaanza kutaka kori nne, Far Cry 4 ilipotoka mwaka huo kwa kori mbili tupu ilikuwa haifunguki hata uwe na gigahetsi ngapi. Kori zote mbili ziko asilimia 100, antivirasi ikiamka tu gemu inangoja zamu. Na usidanganywe na namba ya wastani, fremu (picha moja moja za gemu) 60 kwa sekunde ni kila fremu milisekunde 16 na kitu, lakini fremu chache zikichukua milisekunde 100 wastani hautikisiki sana, jicho ndilo linaona. Funga brauza, funga antivirasi isiskani wakati wa kucheza, weka kikomo cha fremu 30 prosesa ipumue, mara nyingi hapo inalainika. Ila usiende Task Manager ukaiweka gemu kipaumbele cha Realtime, utaona mausi na sauti navyo vinakwama. Mwenye bodi inayokubali atafute prosesa ya kori nne, Core 2 Quad kama Q6600 iliyotumika, inaingia soketi ile ile, ingawa inatoa joto zaidi kwa hivo na feni ya maana.

Sikatai kupandisha spidi, mtu anayejua na mwenye kupoza vizuri afanye, ni raha yake. Ninachokipinga ni kumfanyia mteja bila kumwambia halafu umuuzie dawa ya ugonjwa uliompa wewe. Wenye maduka waandike kwa risiti, prosesa ni ya spidi gani kiwandani na wao wameiweka ngapi, na mteja arudishiwe pesa ya ramu aliyouziwa bila kompyuta kufunguliwa. Na nyinyi wazazi mnaotoa hizo pesa, muulizeni muuzaji hilo kabla ya kulipa.

Fundi kompyuta,
Kisauni, Mombasa