Pampu ya mafuta mliyoniuzia haifikishi presha

Kajiado,
17 Machi 2025

Kwa Meneja wa Mauzo,
Nairobi.

Bwana Meneja,

MINTARAFU: PAMPU YA MAFUTA YA INJINI YA ROTAX 912 ULS

Tarehe 11 Februari nilinunua dukani kwenu pampu ya mafuta, yaani petroli, ya injini ya ndege yangu kwa shilingi 48,500. Nakala ya risiti nimeiambatisha. Pampu yangu ya zamani ilikuwa bado inafanya kazi vizuri. Niliitoa kwa sababu ilikuwa imetimiza miaka mitano, na mtengenezaji wa injini anataka ibadilishwe kwa muda huo pamoja na hosi na mipira mingine. Nikafunga yenu. Tangu siku hiyo ndege haijaondoka ardhini.

Hii ni ndege ya viti viwili, ya bati za alumini, niliyoiunda kwa mikono yangu kwa miaka sita. Mabawa yake yako chini na tangi zimo ndani ya mabawa, kwa hiyo mafuta hayateremki yenyewe kwenda kwenye kabureta. Lazima yavutwe. Mvuto ukikatika, injini inazima.

Kitabu cha injini kinasema presha isishuke chini ya bari 0.15 (bari ni kipimo cha presha). Injini ikinguruma taratibu, pampu yenu inatoa 0.28. Nikiongeza hadi mizunguko 5,500 kwa dakika, geji inaanza kuteremka: 0.22, kisha 0.17, na baada ya dakika mbili 0.11. Mizunguko kama hiyo ndiyo ya kupaa, wakati ndege iko juu ya miti na huna pa kutua.

Nilipowapigia simu mara ya kwanza mlisema ni geji. Hata mimi nilianza kwa kuishuku, maana waya wa athi (ule unaofungwa kwenye bodi) ukilegea kihisio husoma uongo. Nikaukaza. Nikaunga na geji ya pili, ya mshale, isiyotumia umeme, na zote mbili zikasoma karibu sawa. Mkasema basi ni kichujio. Nilikifungua nikakikuta safi, na bado nikaweka kipya. Matundu ya kupumulia ya tangi yalikuwa wazi.

Pampu ya umeme ya akiba ndiyo iliyonionyesha ukweli. Mafuta yakitoka tangini hupita kwenye kichujio, kisha pampu ya umeme, kisha pampu yenu, yote katika njia moja. Nikiwasha ya umeme, presha inapanda hadi 0.30 na kutulia hapo hata kwa mizunguko 5,500. Nilizima injini, nikachomoa hosi kwenye kabureta na kuielekeza kwenye chombo cha vipimo: lita moja ilijaa kabla dakika haijaisha. Hiyo ni zaidi ya lita 60 kwa saa, na injini hii wakati wa kupaa hunywa kama lita 27. Kungekuwa na kizuizi njiani, mafuta yasingefika kwa wingi huo. Nikahofia labda hewa inanyonywa kwenye kiungo fulani, basi nikaiacha pampu ya umeme isukume dakika kumi huku nikipitisha karatasi kavu kwenye kila kiungo. Hapakuwa na tone. Kile kitundu cha milimita 0.35 kwenye bomba la kurudishia mafuta tangini nacho kipo mahali pake. Kingekosekana, presha ingeanguka hata kwa pampu ya umeme.

Mwishowe nilirudisha pampu yangu ya zamani, kwa jaribio la ardhini tu. 0.29, toka mwanzo hadi mwisho, ya umeme ikiwa imezimwa. Nikafunga tena yenu: 0.12, na safari hii kijibomba chake cha kuvujia kilikuwa kimelowa petroli, dalili kwamba kiwambo cha mpira ndani yake kimepasuka. Nilizima kila kitu na kusogeza kizimamoto karibu.

Nilipoitoa niliibandua stika yenu ya bei. Chini yake kuna mwaka wa kutengenezwa: 2017. Sisemi mliufunika kusudi. Nasema mliniuzia kama kipya kipuri ambacho mpira wake umekauka kwenye rafu kwa miaka, na mimi nilikinunua ili kukwepa mpira mzee.

Lakini kilichonifanya niandike si pesa. Niliporudi kuwapigia tarehe 4 Machi, mhudumu wenu aliniambia, “Washa pampu ya umeme muda wote, mzee, wengi wanaruka hivyo.” Pampu ya umeme ipo kwa ajili ya siku ile pampu kubwa, ya injini, itakapogoma. Nikiitumia kuficha ugonjwa wa ile kubwa, nitakuwa nimepaa nikiwa na pampu moja, na nyingine inavuja petroli karibu na bomba la moshi. Fyuzi ikikatika tu, basi. Kiti cha pili cha ndege hiyo hukaliwa na binti yangu. Mtu anayeuza vipuri vya ndege hapaswi kutoa ushauri huo kwa mteja yeyote, na kama ni kweli wengi wanaruka hivyo, basi wako hatarini leo.

Nataka nirudishiwe shilingi 48,500, au nipewe pampu nyingine ambayo mwaka wake nitausoma mwenyewe kabla ya kulipokea boksi. Nataka pia mpekue stoo yenu na kuondoa pampu zote za umri huo, na mwapigie simu wote walionunua. Majina yao mnayo kwenye vitabu vya risiti. Hili la pili nalihitaji kwa maandishi, ndani ya siku 14.

Pampu yenu nimeifunga kwenye mfuko pamoja na stika yake, na vipimo vyote nimeviandika kwenye kitabu cha injini. Fundi wenu akitaka kuja kuijaribu mbele yangu, banda liko wazi kila Jumamosi kuanzia saa mbili asubuhi.

Wenu mwaminifu,
Mwenye ndege