Ablesheni ya moyo si tiba ya mara moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nitoe maoni kuhusu makala yenu ya afya iliyozungumzia ablesheni, yaani kuchoma kwa katheta (mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa) sehemu za moyo zinazovuruga mapigo. Mwandishi ameeleza vizuri jinsi kazi inavyofanyika, lakini aliposema kwamba mgonjwa wa fibrilesheni ya atiria, yaani vurugu ya mapigo katika vyumba vya juu vya moyo, hupona kabisa na kuachana na vidonge, aliwapa wasomaji ahadi ambayo hata waanzilishi wa tiba hiyo hawajapata kuitoa.

Waanzilishi hao ni madaktari wa Bordeaux, Ufaransa. Mwaka 1998 timu ya Michel Haïssaguerre ilionyesha kuwa cheche za umeme zinazoanzisha vurugu hiyo hutoka mara nyingi kwenye midomo ya mishipa inayorudisha damu kutoka mapafuni. Ndiyo maana leo katheta hupenyezwa kwenye mshipa wa kinena, hupandishwa hadi moyoni, huvushwa kwenye ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya juu, kisha daktari huzungushia midomo ya mishipa hiyo pete ya kovu, kwa joto au kwa baridi kali. Pete hiyo ikibaki na upenyo mdogo tu mahali ambapo nyama imepona badala ya kuwa kovu, umeme hupita tena, na ugonjwa hurudi.

Timu hiyohiyo ya Bordeaux ilichapisha mwaka 2011 matokeo ya wagonjwa 100 waliofuatiliwa kwa miaka 5. Baada ya kuchomwa mara moja tu, waliofika mwaka wa tano bila kurudiwa walikuwa takriban asilimia 29; walipohesabiwa baada ya wengine kuchomwa tena, walifikia asilimia 63. Vifaa vimeboreka tangu wakati huo, na mgonjwa ambaye vurugu humjia na kuondoka hufanikiwa zaidi kuliko yule ambaye haimwachi kabisa. Hata hivyo, kurudia tiba hii ni jambo la kawaida, wala halimaanishi kwamba daktari wa kwanza alikosea.

Sisemi kwamba tiba haifai. Utafiti wa CASTLE-AF wa mwaka 2018, uliohusu watu 363 wenye moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri, ulionyesha kuwa vifo na kulazwa hospitalini kwa sababu ya moyo vilipungua kwa waliochomwa. Lakini utafiti wa CABANA wa mwaka 2019, wenye wagonjwa 2,204, haukuthibitisha kwamba ablesheni hupunguza vifo na viharusi kuliko dawa, ingawa waliochomwa waliishi kwa nafuu zaidi. Kwa wengi, basi, faida yake kubwa ni kupumua vizuri, kupanda ngazi na kulala bila moyo kwenda mbio, na hilo si dogo.

Kinachonitia hofu zaidi ni vidonge vya kuzuia damu kuganda. Miongozo ya Ulaya na Marekani inataka kila mgonjwa aendelee navyo kwa miezi 2 hadi 3 baada ya ablesheni, na baada ya hapo uamuzi utegemee hatari yake ya kiharusi: umri, shinikizo la damu, kisukari, kiharusi cha zamani. Mapigo kutulia si ruhusa ya kuviacha, kwa sababu vurugu huweza kurudi kimyakimya, mwenyewe asihisi lolote.

Aidha, makala haikugusa wagonjwa wetu wengi wenye vurugu hiyo ambao vali zao, yaani milango ya ndani ya moyo, ziliharibiwa na homa iliyofuata mafindofindo ya utotoni. Hao hawakuwa walengwa wa tafiti nilizozitaja, na mlango wa vali uliosinyaa hautanuki kwa kuchoma mishipa ya mapafu. Utafiti uliowalenga ni INVICTUS wa mwaka 2022, uliofanyika katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, na ulionyesha kuwa dawa za kuzuia damu kuganda za kundi la warfarini, pamoja na usumbufu wake wote wa kupima damu kila mara, ziliokoa maisha zaidi kuliko rivaroksabani, dawa mpya zaidi ya kazi hiyohiyo.

Kwa hiyo, wakala anayempangia mgonjwa safari ya matibabu India aulizwe kabla ya kulipwa: bei hiyo ni ya mara moja au imehesabu na marudio? Na mgonjwa akisharejea nyumbani, ni nani atakayempima umeme wa moyo mwaka wa pili na wa tatu?

Muuguzi mstaafu wa kliniki ya moyo,
Tanga