Usisaini Yadini Kabla ya Kutenganisha Bei, Mkopo na Kasoro za Gari

Swali ambalo wauzaji wengi wa magari hulitanguliza ni hili: “Kwa mwezi unaweza kulipa kiasi gani?” Usilijibu. Ukishataja kiasi cha mwezi, kila kitu kingine kinapata pa kujificha: bei ya gari lenyewe, thamani ya gari lako la zamani kama unalitoa na kuongeza pesa, gharama ya mkopo, na vikorokoro vya nyongeza. Muuzaji mjuzi atakupunguzia kwenye kimoja afidie kwenye kingine, nawe utoke ukijiona umeshinda. Jibu fupi linatosha: “Nitajie kwanza bei mpaka gari litoke getini.”

Bei ya mpaka getini ni ile iliyojumlisha kodi, usajili, ada za nyaraka na chochote kingine utakachodaiwa, ikiwa imeandikwa mstari kwa mstari. Iombe kwenye yadi mbili au tatu kwa gari la aina ileile, mwaka uleule na kilomita zinazokaribiana. Wauzaji wengi hupimwa kwa malengo ya mwezi, kwa hiyo siku za mwisho wa mwezi bei huweza kulegea kidogo. Lakini tarehe haitengenezi gari bovu.

Hesabu ya mkopo ndiyo inayoumiza zaidi. Chukua mkopo wa 10,000,000, kwa sarafu yoyote ile, wenye riba ya asilimia 18 kwa mwaka inayotozwa kwenye deni lililobaki. Ukiulipa kwa miezi 36, rejesho ni takriban 361,500 kwa mwezi na jumla inafika kama 13,015,000. Ukirefushiwa hadi miezi 60, rejesho linashuka hadi takriban 254,000, ila jumla inapanda hadi kama 15,236,000. Rejesho limepungua kwa laki moja na ushee, umeongeza zaidi ya milioni 2, na bei ya gari haijaguswa hata senti.

Tena kuna riba inayotozwa kwenye mkopo wote wa mwanzo, hata pale ambapo nusu umeshalipa. Asilimia 18 ya namna hiyo kwa miezi 36 ni riba ya 5,400,000 na rejesho la karibu 428,000. Ukiipima kwa deni linalopungua, ni zaidi ya asilimia 30 kwa mwaka. Ndiyo maana asilimia peke yake haitoshi: uliza inatozwa kwenye nini, jumla yote ni kiasi gani, na kama kuna faini ukimaliza deni mapema. Nenda yadini ukiwa na ofa ya benki au ya chama cha akiba na mikopo. Hata usipoitumia, yadi itajua una kwa kwenda.

Gari la zamani lizungumzie mwisho, bei ya jipya ikishaandikwa. Kabla ya hapo lipeleke kwa wanunuzi wawili wengine lithaminiwe. Nyongeza kama dawa ya kulinda rangi au ya viti zikatae zote, kisha rudisha ile tu ambayo ungeinunua mwenyewe kwingine kwa bei hiyo.

Sasa gari. Kwa gari lililotumika, hoja nyingi za kupunguza bei zinatoka chini ya boneti na ndani ya bodi.

Mwambie muuzaji mapema asiliwashe kabla hujafika, na ukifika gusa boneti. Ikiwa ya moto, injini imeshapashwa, na injini iliyopashwa inaficha kuwaka kwa shida, kelele za mwanzo na moshi wa kwanza. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata moto, hasa wenye harufu tamutamu, ni kulanti (maji ya kupozea injini) inayoingia kwenye silinda, mara nyingi kwa sababu ya gasketi ya silinda hedi. Kwenye gari la giaboksi ya otomatiki, kanyaga breki, hamisha kutoka R kwenda D: likichelewa kushika au likagonga kwa nguvu, usikubali kuambiwa ni baridi tu.

Kisha chomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Wengi wakiona hakuna hitilafu wanaridhika. Angalia pia kama vipimo vya ndani vya kompyuta vimekamilika. Namba za hitilafu zilizohifadhiwa humo zikifutwa, vipimo hivyo huanza upya na havikamiliki mpaka gari liendeshwe kwa muda. Gari lisilo na hitilafu lakini lenye vipimo karibu vyote ambavyo havijakamilika, ama limetolewa betri ama kuna mtu amefuta kitu karibuni. Taa ya eabegi nayo iwake ukifungua swichi, izime baada ya sekunde chache. Isipowaka kabisa, huenda imezimwa makusudi.

Kilomita hurudishwa nyuma, kwa hiyo zilinganishe na uchakavu. Mpira wa pedeli ya breki uliolika na kiti cha dereva kilichobonyea haviendani na kilomita 45,000. Tarakimu nne za tarehe kwenye ubavu wa tairi zinasaidia pia: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari linalodaiwa kutembea kilomita 30,000 tangu litoke kiwandani, halafu matairi yote yametengenezwa miaka kadhaa baada yake, lina maswali ya kujibu.

Pima pia unene wa rangi kwa kifaa chake: rangi ya kiwandani kwa kawaida husoma kati ya mikroni 80 na 180 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Paneli ikisoma 250 huku jirani zake zikisoma 120, imepigwa rangi upya. Ikifika 600 au 1,000, chini kuna puti. Mlango uliopigwa rangi ni wa kupunguziwa bei. Nguzo za bodi au chesisi iliyokatwa na kuchomelewa ni ya kuondokea. Vuta mkanda wa usalama mpaka mwisho wake: matope au mstari wa maji yanaonyesha gari limepita kwenye mafuriko, hata kama zulia ni jipya. Hasa kama zulia ni jipya.

Kila kasoro igeuzwe kuwa gharama. Ukisema gari limechoka, muuzaji atabisha. Ukiweka mezani makadirio ya gereji ya diski za mbele, shokapu mbili na mkanda wa taimingi unaotakiwa kubadilishwa kilomita 3,000 zijazo, mnazungumzia pesa. Mpe njia mbili, atengeneze kabla hujalipa au apunguze kiasi hicho. Akikubali kutengeneza, kazi ikaguliwe tena, maana vipuri vya bei rahisi huishia humo.

Kishika uchumba toa kidogo, tena kwa risiti yenye namba ya chesisi, bei mliyokubaliana, na sentensi inayosema kinarudishwa gari likishindwa ukaguzi au mkopo ukikataliwa. Hakikisha namba ya chesisi kwenye bodi inafanana na ya kadi ya usajili herufi kwa herufi. Namba kamili ya tarakimu na herufi 17 haina I, O wala Q. Ukiziona humo, kuna kosa au kuna ujanja. Thibitisha kwenye mamlaka ya usajili kwamba gari si dhamana ya deni la mtu mwingine. Mkataba ukisema linauzwa “jinsi lilivyo”, waranti ya mdomo haina kazi.

Kwenye huduma yetu ya ukaguzi kabla ya kununua, ripoti hutenga kasoro za usalama, za kutengenezwa karibuni na za mwonekano, kila moja na picha yake na makadirio ya gharama. Yadi isiporuhusu gari litoke, fundi anakwenda na vifaa huko huko. Kinachokosekana ni kulipandisha juu kulikagua chini, na ripoti itasema hivyo. Yadi ikikataa hata hilo, tupigie tusitishe oda, na uhamie kwenye gari linalofuata kwenye orodha yako.