Adhabu ya kuvuruga daftari la wapiga kura imwangalie aliyekusudia

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie adhabu zinazowakabili wanaovuruga Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, jambo ambalo sisi wa kando ya Ziwa Victoria tunaliona kwa sura ambayo pengine walio mbali na maji hawaioni.

Kifungu cha 114 cha Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani, Namba 1 ya mwaka 2024, kinasema kwamba anayejiandikisha zaidi ya mara moja anatenda kosa, na akitiwa hatiani hufungwa kwa muda usiopungua miezi 6 na usiozidi miaka 2, au hutozwa faini isiyopungua shilingi 100,000 na isiyozidi shilingi 300,000, au vyote kwa pamoja. Onyo hilo tulilisikia mara nyingi wakati daftari lilipoboreshwa mkoani kwetu Agosti 2024, nami silipingi, kwa sababu mwenye kadi mbili anamdhulumu mwenye moja. Ninachouliza ni nani hasa anayenaswa na kifungu hicho huku ziwani.

Mvuvi wa dagaa hana makazi ya mwaka mzima. Huvua usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikiwaka hupumzika, na samaki wakipungua upande mmoja tajiri wa mtumbwi huhamisha kambi nzima, kutoka Kome kwenda Ukerewe, au kutoka Igombe kwenda visiwa vya mbali zaidi. Kijana aliyejiandikisha kwao Sengerema anapokuta kituo kimefunguliwa jirani na mwalo, yaani ufuko wa kuegeshea mitumbwi, anakovua sasa, hupanga foleni na kuandikishwa upya, akiamini kwamba anatimiza wajibu wake wa uraia. Alichotakiwa kufanya ni kuomba taarifa zake zihamishwe, lakini kambini neno hilo hulisikia akiwa ameshapokea kadi ya pili, kama analisikia kabisa. Nimezungumza na vijana wa namna hiyo katika mwalo wa Kirumba, na hakuna hata mmoja niliyemwona ana nia ya kupiga kura mara mbili. Kwa kipato chao, faini ya shilingi 300,000 ni msiba wa nyumba nzima.

Isitoshe, kosa la aina hiyo ndilo jepesi kuligundua. Tangu mfumo wa bayometriki, yaani wa kumtambua mtu kwa alama za mwili kama vidole, uanze kutumika kuelekea Uchaguzi Mkuu wa 2015, kidole kilichochukuliwa alama mara mbili kinaweza kubainika taarifa zinapolinganishwa. Alama ya kidole, hata hivyo, haisemi umri wa mwenye kidole, wala uraia wake, wala kama kweli anaishi katika kata aliyoitaja. Hayo yanategemea uaminifu wa anayejaza fomu na wa anayeendesha mashine. Mwandishi wa wapiga kura kituoni akikubali kumwandikisha mtoto wa miaka 16 huku akijua, au mtu akipeleka kundi la watu wasio wakazi ili kata fulani ijae, mashine itapokea vidole hivyo bila kulalamika. Huo ndio uharibifu ninaouogopa, na matangazo niliyoyasikia mtaani kwetu hayakuutaja hata mara moja.

Sheria zetu nyingine zinajua kutofautisha uzito. Chini ya Kanuni ya Adhabu, kughushi nyaraka kunaweza kumpeleka mtu gerezani hadi miaka 7. Sioni kwa nini daftari, ambalo linaamua nani atatuongoza kwa miaka 5, lihesabiwe kuwa karatasi hafifu kuliko hati ya kiwanja. Nchini Marekani, sheria ya usajili wa wapiga kura ya mwaka 1993 imeweka kifungo cha hadi miaka 5 kwa anayewasilisha maombi ya usajili anayojua ni ya uongo kwa lengo la kuuhujumu uchaguzi, inamtaja waziwazi na ofisa wa uchaguzi, na inataka ithibitishwe kwamba mtuhumiwa alijua na alikusudia. Mvuvi wetu wa kadi mbili angepona hapo. Mwandishi aliyekubali kupokea bahasha asingepona.

Niseme pia kuhusu marehemu. Orodha ya awali ilipobandikwa nililiona jina la kaka yangu, ambaye tulikuwa tumeshamzika. Hakukuwa na hila yoyote, ni sisi ndugu ambao hatukutoa taarifa, na jina liliondolewa baada ya mimi kujaza fomu. Lakini nilisimama pale muda mrefu nikiwaza ni majina mangapi ya namna hiyo hayana ndugu wa kuyasoma ukutani.

Kwa hiyo nawaomba wabunge wetu wa kanda hii wapeleke hoja ya kurekebisha adhabu hizo, ili anayejiandikisha tena kwa kutokujua apewe nafasi ya kusahihisha taarifa zake kabla ya kushtakiwa, na aliyekabidhiwa daftari akaingiza au kufuta jina kwa makusudi asiruhusiwe kulipa faini na kurudi nyumbani. Nayo Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ipeleke watoa elimu mialoni na visiwani siku za mbalamwezi, wavuvi wanapokuwa nchi kavu.

Mwalimu mstaafu,
Kirumba, Mwanza